Punda Afe, Mzigo Ufike? Hesabu ya Biashara Inakataa

Msimu huu wa mavuno simu nyingi ninazopokea ni za bei ya gunia, dawa ya kuhifadhi nafaka na soko. Ni sawa kabisa. Ila kuna mfanyakazi mmoja ambaye kila nikipita mashambani namkuta kazini, na kila nikifungua daftari la mapato na matumizi la kijana yeyote simkuti. Huyo ni punda.

Tunao usemi wetu: punda afe, mzigo ufike. Tunausema tukicheka, tunausema hata tunapokesha kazini. Lakini hebu uuangalie kwa jicho la biashara. Usemi huo unamfaa mwenye mzigo aliyekodi punda wa mtu. Wewe mzigo ni wako na punda ni wako. Mzigo wa leo ukifika na punda akafa, gunia la kesho litabebwa na nani?

Leo nataka tuangalie kazi ya shirika moja linalotetea wanyama kazi katika ukanda wetu, linaitwa Brooke. Sitalielezea ili tuwaonee punda huruma tu, ingawa huruma nayo si kosa. Nataka tuone jinsi kazi yao inavyogusa mfuko wako.

Shirika lililoanza na farasi wa vita

Mwaka 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo, Misri, pamoja na mume wake aliyekuwa ofisa wa jeshi. Mitaani akakuta farasi wamekonda, wana vidonda, wanavuta mikokoteni mizito. Alipouliza akaambiwa hao walikuwa farasi wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoisha waliuzwa huko huko badala ya kurudishwa kwao, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado walikuwa kazini.

Mwaka 1931 barua yake ilichapishwa katika gazeti la Morning Post la Uingereza, na wasomaji wakachanga fedha. Kwa michango hiyo alinunua takriban farasi 5,000 kutoka kwa wenyewe. Kisha mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama hapo Cairo, ambako mtu maskini angeweza kutibiwa mnyama wake bila malipo. Hilo ndilo chimbuko la Brooke, ambalo leo linashughulika na farasi, punda na nyumbu wanaofanya kazi katika nchi nyingi.

Mama yule aliona jambo moja ambalo mpaka leo ni kweli. Wenye farasi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini ambao chakula cha watoto wao kilitegemea mnyama aliyechoka. Ukimnyang'anya mnyama, familia inalala njaa. Ukimwacha vile vile, mnyama anakufa na familia inalala njaa. Njia iliyobaki ni moja tu, mnyama na mwenyewe wainuliwe pamoja.

Kwa upande wetu huku kuna tawi la Brooke East Africa, makao yake Nairobi. Kabla ya tawi hilo kusimama, Brooke ilikuwa tayari inafanya kazi Kenya kupitia shirika la KENDAT, kwa mpango uliojulikana kama Heshimu Punda. Mpango huo ulifika maeneo kama Mwea, kule kwenye mashamba ya mpunga, ambako punda na mkokoteni ndio gari la mkulima. Hapa Tanzania nako yapo mashirika ya ndani yanayohudumia punda, kwa mfano ASPA la Arusha na TAWESO.

Hawakuja kutibu punda wako maisha yake yote

Watu wengi wakisikia shirika la kutetea wanyama wanadhani litakuja gari lenye nembo, litibu bure, ligawe dawa, liondoke. Huduma ya namna hiyo inasaidia siku ile. Gari likishaondoka, vidonda vinarudi, maana kilichovisababisha bado kipo: mkokoteni ni ule ule na kamba ni ile ile.

Kwa hiyo Brooke walielekeza nguvu zaidi kwenye watu wanaobaki kijijini. Wanawapa mafunzo wataalamu wa mifugo wa eneo husika, maana wengi wetu vyuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi na kuku, punda tukampitia juu juu. Wanafundisha mafundi wa kutengeneza matandiko na mafundi wa kwato, ili huduma ipatikane kwa bei ya hapo hapo. Na wanawaunganisha wenye punda katika vikundi.

Kuna zoezi moja wanalofanya na vikundi ambalo nalipenda sana, limo pia kwenye kitabu chao cha mafunzo cha mwaka 2011. Wenye punda wanakaa chini, wanachora mnyama ardhini au kwenye karatasi. Kisha swali: kama wewe ungekuwa huyu mnyama, ungetaka mwenyewe akufanyie nini? Watu wanaanza kutaja: maji, kivuli, mzigo wa kiasi, kupumzika, kutopigwa. Halafu swali la pili: katika haya, tunampa yapi na kwa kiasi gani? Kila moja linapewa alama. Hapo kicheko kinapungua.

Baada ya hapo kikundi kinazunguka kukagua punda wa kila mwanachama, mmoja baada ya mwingine. Wanahesabu vidonda, wanaangalia kwato, wanaangalia unono, wanaandika. Baada ya muda wanarudia. Hakuna ofisa anayemkaripia mtu. Jirani anaona punda wa jirani mwenzake amepona, na wake bado. Mwenye punda mwenye kidonda mwenyewe anaanza kuuliza, "Wewe ulifanyaje?" Mimi kama afisa ugani nakuambia, swali hilo likitoka kwa mkulima mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Miaka ambayo ngozi ilizidi thamani ya mgongo

Sasa tuje kwenye jambo lililotikisa ukanda mzima. China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Mwaka 1992 China yenyewe ilikuwa na punda takriban milioni 11. Mahitaji yakapanda, punda wao wakapungua sana, wafanyabiashara wakageukia Afrika.

Kenya machinjio ya punda yakafunguliwa kuanzia mwaka 2016. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya huko, KALRO, ilitoa ripoti mwaka 2019: kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977. Watafiti wakaonya kwamba kwa kasi ile, punda wa Kenya wangeweza kumalizika kufikia mwaka 2023. Ukitazama sensa, mwaka 2009 Kenya ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, na mwaka 2019 wakahesabiwa milioni 1.2 hivi.

Mwanzoni wengi walifurahia bei. Kisha wizi ukaanza. Watu walilala na punda zizini, asubuhi wakaenda kuokota mabaki porini, ngozi imeshachunwa. Mama aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni akabaki na madumu matupu. Kijana aliyekuwa akisomba mazao akarudi kubeba kichwani. Na aliyeuza kwa hiari yake, alipotaka kununua mwingine, akakuta bei imeruka.

Hapa ndipo shirika kama Brooke lilipofanya kazi usiyoiona kwenye picha za punda anayefungwa bandeji. Pamoja na mashirika mengine kama The Donkey Sanctuary, lilisimama na vikundi vya wenye punda ambavyo vilikuwa vimeshaundwa, na sauti zao zikafika serikalini. Februari 2020 waziri wa kilimo wa Kenya, Peter Munya, alipiga marufuku biashara ile. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo baada ya moja ya machinjio kwenda mahakamani. Kwa hiyo usidhani ilikuwa safari ya siku moja.

Hapa kwetu nako kulikuwa na machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga, na Serikali ikasitisha uchinjaji huo. Desemba 2022 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda. Hatimaye Februari 2024, kule Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Kijana mjasiriamali anaweza kuniuliza: afisa, kama soko lilikuwepo, kwa nini tusingefuga punda wengi tukauza kama nguruwe? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye uzazi. Punda anabeba mimba kama miezi 12. Anazaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kufanyishwa kazi ngumu mpaka afike miaka mitatu hadi minne. Yaani kutoka siku dume linapanda mpaka siku mtoto anavuta mkokoteni ni takriban miaka mitano. Nguruwe kwa muda huo ameshakupa watoto na wajukuu zizi zima. Ndiyo maana punda wakichinjwa kwa kasi hawafidiki, na ndiyo maana ukimpoteza wako leo hutampata kirahisi kesho.

Mweke punda kwenye daftari

Sasa chukua kalamu. Takwimu hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za kwako.

Tuseme umenunua punda kwa shilingi 300,000. Punda akitunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, lakini tuchukulie tu miaka 12 ya kazi nzuri. Ukigawa, gharama yake ya ununuzi ni shilingi 25,000 kwa mwaka. Ongeza matunzo, yaani dawa ya minyoo, kwato, daktari na chakula cha nyongeza wakati wa kiangazi, tuseme 60,000. Ongeza siku tano za kuugua, na kila siku unakodi toyo kwa 8,000, jumla 40,000. Huyo amekugharimu shilingi 125,000 kwa mwaka.

Sasa punda wa "afe, mzigo ufike". Matunzo sifuri. Anachoka ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo ununuzi pekee ni 100,000 kwa mwaka. Halafu vidonda na kuchechemea vinakukosesha siku 30, nyingi zikiwa msimu wa mavuno wakati kila mtu anagombania toyo. Mara 8,000, ni 240,000. Jumla 340,000.

Tofauti ni shilingi 215,000 kila mwaka, kwa punda mmoja. Kwa hiyo aliyekataa kutoa 60,000 ya matunzo akidhani anabana matumizi, ukweli ni kwamba ametoa zaidi ya mara tatu yake bila kuandikiwa risiti.

Nina kijana katika eneo langu anayelima vitunguu. Barabara ya kwake mvua ikinyesha toyo halipiti, pikipiki ndiyo usiseme. Msimu mmoja punda wake wawili walikuwa na vidonda vya shingoni kwa sababu aliwafunga nira ya ng'ombe. Vitunguu vikakaa shambani siku kadhaa vimeshang'olewa, mvua ikavikuta. Alichopoteza ndani ya wiki ile kingetosha kununua mikanda mizuri kwa punda wote wawili, na chenji ibaki.

Mambo ya kuanza nayo wiki hii

Haya ndiyo mafunzo yanayorudiwa sana na wataalamu wa punda, nami nimeyaona yakifanya kazi.

1. *Achana na nira ya ng'ombe.* Ng'ombe ana nundu na nguvu yake iko shingoni. Punda nguvu yake iko kifuani. Mtengenezee mkanda mpana wa kifua, usiobana koo, na mkanda wa nyuma ya mapaja unaosaidia kuzuia mkokoteni kwenye mteremko. Tumia turubai imara, mpira laini au ngozi, na uweke kitambaa cha pamba sehemu zinazogusa mwili. Waya na kamba ya nailoni vinakata kama kisu.

2. *Pima mzigo.* Wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi ni wadogo, hivyo kilo 40 hadi 50 zinatosha. Mzigo ukae pande mbili sawa sawa, na uti wa mgongo usiguswe. Kwa mkokoteni, panga mzigo usielemee mbele wala nyuma, jaza upepo matairi na paka grisi ekseli. Tairi lenye upepo mdogo linamuongezea punda mzigo ambao hujalipwa.

3. *Maji kwanza.* Punda anahimili kiu kuliko wanyama wengi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Hapendi maji machafu, anaweza kuyakataa hata akiwa na kiu. Mnyweshe kabla ya kazi, katikati na baada ya kazi.

4. *Chakula.* Nyasi kavu, mabua na malisho ndiyo mlo wake. Pumba na mahindi mengi kwa mpigo humletea ugonjwa wa tumbo na wa kwato. Na fagia mifuko ya plastiki zizini na sokoni, akimeza inaziba utumbo.

5. *Kidonda.* Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Mpumzishe mpaka kipone, na utafute kilichomkwaruza ukirekebishe. Usipake oili chafu, majivu wala maji ya betri. Kumbuka jina la ugonjwa wa pepopunda halikuja bure: punda na farasi hushambuliwa nao upesi kupitia vidonda, hasa vya kwatoni. Chanjo ipo, muulize afisa mifugo wako.

6. *Kwato na meno.* Inua kwato kila siku, toa mawe na matope. Kama zinarefuka, zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10 na mtu aliyefundishwa, si kwa panga. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka. Punda anayedondosha chakula akitafuna huenda jino linamchoma.

7. *Usisubiri alie.* Punda huficha maumivu. Akiinamisha kichwa, akijitenga au akiacha kula, huyo ameshaumwa siku kadhaa. Mwite mtaalamu, usimchome sindano kwa kukisia.

8. *Mwenye mimba.* Mpumzishe angalau miezi mitatu ya mwisho. Huyo anakutengenezea mtaji wa miaka mitano ijayo.

Na kipigo je? Punda akisimama ghafla tunamwita mbishi. Mara nyingi anaogopa kitu, anaumwa, au mzigo umemzidi. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama kwanza apime. Ukimpiga hapo unamfundisha kukuogopa wewe. Zaidi ya hayo, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa la jinai.

Anzisheni kikundi, hata cha watu watano

Si kila kata itafikiwa na shirika. Lakini njia yao haihitaji shirika ili ianze. Mkiwa vijana watano wenye punda, chagueni siku moja ya mwezi. Kagueni punda wote, andikeni vidonda vingapi, nani kwato zimerefuka, nani amekonda. Changeni kidogo kidogo. Mfuko huo umlipe fundi wa matandiko mara moja kwa wote, mtapata bei nafuu. Mwiteni afisa mifugo siku hiyo hiyo atibu wote, gharama ya usafiri mgawane. Pigeni picha za punda na alama zake, siku akiibiwa mna pa kuanzia.

Kikundi cha namna hiyo kikijulikana ofisi ya kata, shirika likija kutafuta watu wa kufanya nao kazi litawakuta mmeshasimama. Mambo haya yanakwenda kwa walioanza.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Labda. Lakini nenda kamtazame mgongo wako huyo zizini jioni hii, inua mkanda uone chini yake kukoje, kisha ujiulize ni nani kati yenu anayedaiwa asante. Tanzania tuna punda zaidi ya 650,000 kwa sensa ya kilimo ya 2019/20. Kila mmoja ana mzigo wa mtu unaomsubiri kesho asubuhi.